Maneno ya ukurasa wa kukodisha viti na bashi: jinsi kikundi chenu kinavyoweza kuaminiwa na mteja asiyewaona



Katika mikutano ya vikundi vya akiba kuna ulizo linalorudi kila mwisho wa mzunguko: pesa ya sanduku ikishagawanywa, tuiweke wapi ili izae? Mwenye shamba atanunua mbegu au mbuzi. Lakini aliyeacha shamba lake Kalehe au Bunyakiri, na leo analala katika chumba cha kuazima, hana pa kupanda wala pa kufungia mbuzi. Ndiyo sababu kikundi kinaweza kuchagua kununua viti vya plastiki, bashi na masufuria makubwa, kisha kuvikodisha. Viti haviozi, havihitaji shamba, na wakati wa kukimbia tena vinaweza kuachwa kwa jirani mwaminifu. Tena kazi haikosi: harusi, dote na ubatizo havikomi hata wakati wa vita, na vilio, kwa masikitiko, ndivyo vinavyozidi.

Vikundi hivi vya AVEC vinafuata mfumo ulioanzia Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, na likelemba ya kwetu ni ya zamani zaidi ya hapo. Kuhusu kuhesabu sanduku basi hatuna mengi ya kuwafundisha akina mama. Makala haya yanahusu jambo lingine ambalo vijana wa vikundi wanaliulizia: namna ya kuandika ukurasa wa intaneti unaotangaza kazi ya kukodisha vifaa vya sherehe, hasa ule ukurasa wa kwanza ambao mteja anaufikia akibofya kiungo alichotumiwa au alichokikuta katika utafutaji. Tutauita ukurasa wa mapokezi, kwa sababu unafanya kazi ya yule anayefungua mlango mgeni anapobisha hodi.

Nani anausoma ukurasa huu?

Tuanze hapa, maana kurasa nyingi zinaharibika hapa. Mama anayeuza maharagwe katika soko la Mudaka hahitaji ukurasa wenu. Akitaka viti atamuuliza mwenzake wa meza ya pili, na kabla ya jua kuchwa atakuwa amevipata. Ukurasa unasomwa na mtu aliye mbali.

Wa kwanza ni mtu wa Bukavu, wa Ibanda, Kadutu au Bagira, ambaye ana harusi au maziko kijijini na hajui nani ana viti huko. Wa pili ni katibu wa parokia, wa shule au wa ofisi anayetafuta vifaa vya mkutano na anayetakiwa kupeleka karatasi ya bei kwa mkubwa wake. Wa tatu, na kwa maoni yangu huyu ndiye wa muhimu kuliko wote, ni mtoto wa nyumbani aliye Bruxelles, Montréal, Kampala au Nairobi. Amepigiwa simu usiku kwamba mama amefariki. Hawezi kuja. Anachoweza ni kulipia viti, bashi na chakula cha watu watakaokaa nyumbani kwao siku kadhaa. Ameshika simu mkononi, ana machozi, na pengine alishawahi kutuma pesa kwa mtu ambaye hakufanya kitu.

Hali ya mwaka 2025 iliwaongeza watu wa namna hii. Goma ilichukuliwa mwishoni mwa Januari, uwanja wa ndege wa Kavumu tarehe 14 Februari, na Bukavu siku mbili baadaye. Ndege za abiria zilisimama na mabenki yalifunga milango. Waliokuwa wakija wenyewe kwenye maziko wakabaki kutuma pesa kwa simu, na kumwachia mtu wasiyemfahamu kazi ya kuipamba au kuisitiri nyumba yao. Mtu huyo anahitaji maneno wazi.

Sasa fikirini upande wa pili. Ukurasa umesema viti 120. Siku ya kilio vinafika 80, saa nne badala ya saa mbili, na mvua imeshaanza. Wazee wamesimama. Je, watu watasema kwamba kikundi fulani kimekosea hesabu? Hapana. Watasema, "Wale waliokuja wametudanganya." Neno "wale" halitabaki kwenye viti; litafika kisimani, shuleni na kwa mwenye nyumba anayepangisha. Kikundi kilicho na wakaaji na waliohamishwa pamoja kinabeba jina la watu wengi kuliko wanachama wake. Kwa hiyo kila mstari wa ukurasa ni ahadi, na ahadi inaandikwa na kikundi kizima kikiwa kimeketi. Kijana mwenye simu nzuri asiachiwe kazi hiyo peke yake.

Mstari wa kwanza

Mtu akifungua ukurasa kwenye simu ndogo, anaona mistari minne au mitano tu kabla ya kusogeza kwa kidole. Asipokuta anachotafuta, anarudi nyuma. Megabaiti zinauzwa, na hakuna anayependa kuziteketeza akisoma historia ya kikundi.

Hata hivyo kurasa nyingi zinaanza hivi: "Karibu kwenye tovuti yetu. Sisi ni kikundi kilichoanzishwa kwa lengo la kuinua maisha ya wanachama wake na kuleta maendeleo endelevu." Maneno hayo ni ya mradi, yanamfaa mfadhili. Mtu anayetafuta viti hayamsaidii kitu. Sisi wa mashirika ndio tuliowazoeza watu lugha hiyo, na inafaa tuwasaidie kuivua.

Tuchukue mfano wa kubuni: kikundi cha watu 15, wengine wazaliwa wa Mudaka, wengine waliofika kwa sababu ya vita. Kina viti 120, mabashi 2 na masufuria 6 makubwa. Mstari wake wa kwanza uwe hivi:

"Viti 120, mabashi 2 na masufuria makubwa kwa harusi na kilio. Tunafikisha Mudaka, Miti, Kavumu na Bukavu."

Na chini yake:

"Tuandikie WhatsApp tarehe yako na idadi ya watu. Tutakujibu kama vitu vipo kabla hujalipa hata faranga moja."

Angalieni kinachofanya kazi hapo. Kuna hesabu. Kuna majina ya mahali. Kuna kitu cha kufanya sasa hivi. Na kuna sentensi moja inayoondoa hofu ya kutapeliwa. Hakuna "huduma bora", hakuna "bei nafuu", hakuna "kuridhika kwako ndiyo furaha yetu". Maneno hayo kila mtu anaandika, mwaminifu na tapeli, kwa hiyo hayamtenganishi yeyote.

Kuhusu lugha: ukurasa uandikwe kwa Kiswahili, na sehemu fupi ya Kifaransa, kwa sababu katibu wa ofisi akitafuta ataandika "location de chaises Bukavu" wala hatawaza neno "bashi". Maneno hayo ya Kifaransa pamoja na jina la mahali yawekwe katika kichwa cha ukurasa ili mashine ya utafutaji iyaone. Kuna watakaopenda kuongeza Mashi. Ni lugha ya hapa, na salamu ya Mashi inapendeza. Lakini kama nusu ya kikundi wanasema Kitembo au Kihavu, jadilini kwanza. Kwa Kiswahili hakuna mwanachama anayekuwa mgeni katika ukurasa wake mwenyewe.

Harusi na kilio katika mlango mmoja

Hili ndilo jambo gumu zaidi katika kazi hii, na vitabu vya biashara vilivyoandikwa Ulaya au Marekani havitawasaidia, kwa sababu huko anayekodisha vifaa vya sherehe anawaza siku ya kuzaliwa, maputo na keki. Kwetu kiti kilekile kilichokaliwa na bibi harusi Jumamosi kinaweza kukaliwa na mjane Jumatatu.

Ukurasa ukifunguka kwa picha ya watu wanaocheza, glasi juu, na maneno "Karibu tusherehekee!", aliyefiwa atafunga simu. Anaweza hata kuona kwamba amedharauliwa. Ukifunguka kwa msalaba na rangi nyeusi, wachumba nao watakimbia. Njia nzuri ni kuweka picha tulivu ya viti vilivyopangwa chini ya bashi, bila watu, kisha milango miwili: "Harusi, dote, ubatizo, mkutano" na "Kilio na maziko". Kila mmoja abofye wake.

Upande wa harusi mnaweza kuandika kwa furaha kidogo: rangi za vitambaa kama vipo, nani anapanga viti, sono inapatikana au haipatikani. Upande wa kilio maneno yawe machache: "Pole kwa msiba. Tupigie saa yoyote ya mchana. Tunaleta viti siku ileile kama ni Mudaka au Miti, na bei ni kwa siku, hata mkikaa siku ngapi." Msiandike punguzo la bei kwa vilio. Kama kikundi kimeamua kuwapunguzia waliofiwa, mwambieni mtu kwa simu, kwa sauti ya upole. Kifo hakitangaziwi bei kama nguo za mitumba.

Jambo moja ambalo aliyefiwa hulifikiria lakini haulizi: viti vitaondolewa lini? Kuna aibu ya kuona vijana wanakuja kukusanya viti watu wakiwa bado wamekaa. Andikeni: "Hatuondoi kiti hadi familia iseme." Kisha muitimize, hata kama kuna harusi inangoja. Ndiyo maana ni afadhali kutangaza viti 120 mkiwa navyo 140.

Bei, avansi na kiti kilichovunjika

Wengi hawataki kuandika bei. Wanasema mshindani ataiona, au kwamba mteja tajiri alipe zaidi. Nawaelewa, lakini mahali penye wasiwasi kati ya watu, bei isiyoandikwa ni mbegu ya maneno. Mkaaji atalipa kitu fulani, mwingine atasikia kwamba binamu wa mwanachama alilipa pungufu, na hapo upendeleo utatafutiwa jina la kabila.

Basi andikeni. Kwa mfano (bei hizi ni za mfano tu): "Kiti kimoja kwa siku: faranga 500. Bashi moja kwa siku: faranga 30,000. Usafiri unahesabiwa kando kulingana na mahali." Chagueni sarafu moja. Thamani ya faranga mbele ya dola ikibadilika, ukurasa wenye bei mbili unageuka kuwa ukurasa wa bei mbili tofauti, na mteja atachagua ile inayomfaa yeye. Wekeni na tarehe: "Bei hizi ni za kuanzia mwezi fulani."

Avansi ielezwe kwa sentensi moja: ni kiasi gani, inalipwa lini, na inarudishwaje sherehe ikiahirishwa. Msisahau sababu ya kwetu: barabara inaweza kufungwa. Mteja wa mbali atauliza, "Kama risasi zikilia asubuhi hiyo, pesa yangu inakuwaje?" Jibu lenu likiwa limeandikwa tayari, ataona kwamba anaongea na watu wazima. Kwa mfano: "Usalama ukizuia usafiri, tunarudisha avansi yote au tunahamisha tarehe, chaguo ni lako." Kama hamwezi kurudisha yote, msiandike yote.

Halafu kiti kilichovunjika. Ugomvi mwingi wa kazi hii unatokea asubuhi ya pili, viti vinapohesabiwa na vinne havionekani. Nani alivivunja? Wageni wa bwana harusi, au vijana walioviteremsha kutoka kwenye Fuso? Ukurasa useme mapema: "Tunahesabu pamoja nawe wakati wa kuleta na wakati wa kuchukua, na kila upande unabaki na karatasi. Kiti kilichovunjika kinalipwa faranga kiasi hiki." Mistari miwili hiyo inaweza kuokoa vikao vitatu kwa mkubwa wa kijiji.

Malipo yenyewe siku hizi yanapita zaidi kwa simu: M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Mtumaji akiingiza namba, mara nyingi anaonyeshwa jina la mwenye namba kabla ya kuthibitisha. Jina hilo likiwa la mtu asiyetajwa popote, anaogopa na kusimama. Kwa hiyo andikeni: "Kabla ya kulipa, tutakutumia jina litakaloonekana kwenye simu yako." Jina lenyewe si lazima liwekwe hadharani. Na namba hiyo ni bora iwe ya laini inayotunzwa na kikundi, yenye mtu wa kuandika kila faranga inayoingia, kwa sababu pesa ya wote ikipita katika simu ya mmoja, hata mwaminifu atasemwa.

Maneno yanayotenganisha

Mmarekani Mary Anderson, katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu msaada na vita, alionyesha kwamba katika kila mahali penye mgogoro kuna mambo yanayowatenganisha watu na mengine yanayowaunganisha, na kwamba kazi yoyote inayoleta mali inagusa yote mawili, hata bila kukusudia. Aliandika kuhusu mashirika ya msaada, lakini viti 120 vilivyowekwa katikati ya Mudaka ni mali pia.

Soko, kanisa na kilio vinawaunganisha watu. Mchunguzi wa kijiji atawaambieni kwamba mahali pekee ambapo familia mbili zisizosalimiana zinakaa karibu ni penye maiti. Kikundi kinachokodisha viti kiko katika sehemu hiyo hasa. Basi maneno yake yasiende kinyume.

Kuna sentensi tatu ambazo ningeziondoa kila nikiziona. Ya kwanza ni "Bei yetu ni ya chini kuliko wote." Kabla yenu kuna watu wa hapa waliokuwa wakikodisha viti, labda parokia, labda mama mjane anayesomeshea watoto kwa viti vyake 40. Ukiwashambulia hadharani, umewaambia kwamba umekuja kuwanyang'anya. Iko njia nyingine. Harusi ya watu 300 haiwezi kubebwa na viti 120. Andikeni, "Kwa idadi kubwa tunashirikiana na wenzetu wa jirani," baada ya kuongea nao kweli na kukubaliana mgawanyo.

Ya pili ni "Sisi ni wakimbizi wa ndani, tafadhali tusaidieni kwa kukodisha kwetu." Naelewa inakotoka, na si uongo. Lakini huruma inaleta mteja mara moja. Mara ya pili anarudi kwa sababu viti vilifika saa mbili. Tena sentensi hiyo inawafuta wakaaji walio ndani ya kikundi, nao wataanza kujiuliza kama kiti ni chao. Mkitaka kusema ninyi ni nani, wekeni mstari mmoja chini kabisa: "Kikundi cha majirani wa Mudaka." Wote ni majirani, aliyezaliwa hapo na aliyefika juzi.

Ya tatu ni ile inayotaja kabila, chama au upande wowote wa vita, hata kwa kujisifu kwamba "tunawahudumia watu wa kabila zote". Asiyeulizwa kuhusu kabila akaanza kukana, anaamsha shaka.

Picha na usalama

Pigeni picha zenu wenyewe, mchana, siku isiyo na mvua. Picha ya viti vyeupe vyenye utepe wa dhahabu iliyochukuliwa kwenye tovuti ya Dubai itawaletea mteja na kumpoteza siku hiyohiyo. Picha tatu zinatosha: viti vilivyopangwa, bashi lililosimamishwa na mtu mmoja kwa kipimo cha urefu, masufuria yaliyosuguliwa. Zipunguzwe ukubwa hadi chini ya kilobaiti 100 kila moja ili zifunguke hata mtandao ukiwa dhaifu.

Shitingi lililotolewa na HCR au na shirika lingine lisionekane kwenye picha, na lisikodishwe. Lilitolewa kuwa paa la familia. Likionekana kwenye ukurasa wa biashara, watu watasema misaada inauzwa, na safari ijayo orodha ya mgawo itakuwa na vita yake yenyewe. Nunueni bashi la soko, hata likiwa dogo.

Nyuso za wanachama zisiwekwe bila ruhusa ya kila mmoja, na kwa waliokimbia watu wanaowatafuta, zisiwekwe kabisa. Msiandike walikotoka. Msiweke alama kwenye ramani juu ya nyumba inayohifadhi viti au sanduku. "Karibu na soko la Mudaka" inatosha, na atakayehitaji ataelekezwa kwa simu. Andikeni saa za kazi kwa ukweli wa barabara yetu: "Tunaleta na kuchukua kati ya saa moja asubuhi na saa kumi jioni." Mteja atapanga sherehe yake kwa saa hizo, na vijana wenu hawatarudi gizani na mkokoteni mtupu wakikutana na maulizo.

Namba ya simu na kitufe

Namba iwe juu, si chini, na iandikwe pamoja na +243, kwa sababu aliye Bruxelles akipiga namba inayoanza na sifuri haitapita. Kwa WhatsApp kuna kiungo kinachofungua mazungumzo moja kwa moja: huandikwa wa.me, mkwaju, kisha namba nzima kuanzia 243, bila alama ya kujumlisha, bila sifuri ya mwanzo, bila nafasi. Kitufe chenyewe kisiandikwe "Bofya hapa". Kiandikwe kile ambacho mteja anataka: "Uliza kama viti vipo tarehe yako."

Hii inamfaa pia asiyejua kusoma vizuri. Mama mzee akionyeshwa kitufe na mjukuu wake atatuma ujumbe wa sauti, naye ajibiwe kwa sauti. Kijana anayejibu aseme "Mama" au "Papa", atoe pole au hongera kwanza, ndipo aulize tarehe. Nimeona majibu ya WhatsApp yanayoanza na "Ngapi?" kwa mtu aliyefiwa, ukurasa mzuri hauwezi kuponya hilo.

Ushuhuda wa wateja unasaidia sana, ila uwe wa kweli. Msitunge. Mkimaliza kazi, ulizeni familia kama inakubali sentensi moja iwekwe, kwa jina la mtaa bila jina la mtu. Mkiwa bado hamna ushuhuda, acheni nafasi hiyo wazi hadi mtakapoupata.

Jaribio la dakika moja

Kabla ya kuutangaza ukurasa, mpeni simu mtu asiye wa kikundi, kwa mfano mwalimu au mama wa duka. Mwachieni dakika moja, chukueni simu, kisha mwulizeni: wana vitu gani? Vingapi? Kwa bei gani? Wanafika kwetu? Nikitaka leo nafanyaje? Akishindwa kujibu hata moja, msimweleze kwa mdomo. Rudini mkaandike upya, kwa sababu hamtakuwepo kumweleza yule wa Montréal. Fanyeni jaribio hilo mara mbili, na mkaaji na mtu aliyehamishwa, maana neno ambalo mmoja analichukua kuwa la kawaida mwingine anaweza kulisikia kama tusi.

Kuhusu mahali pa kuuweka ukurasa, hakuna haja ya kulipa mwanzoni. Ukurasa wa Facebook, Google Sites au WordPress ya bure unatosha, pamoja na WhatsApp Business, programu iliyotoka mwaka 2018, ambayo ina orodha ya bidhaa yenye picha na bei. Jina lenye herufi .cd za nchi yetu linaweza kungoja.

Lakini neno la siri la ukurasa lisibaki kwa kijana mmoja tu. Mwezi Februari 2025 watu waliondoka asubuhi moja bila kuagana, na kila mmoja alienda na simu yake. Liandikwe kwenye karatasi, liwekwe ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, na wenye funguo watoke pande zote za kikundi. Chini kabisa ya ukurasa iandikwe tarehe ya mara ya mwisho mlipoukagua. Kila mara kikundi kinapokutana kuhesabu akiba, mmoja aufungue kwenye simu na kuusoma kwa sauti, na kama viti vimebaki 104, namba 120 ifutwe kabla mkutano haujafungwa.